Ombi la Hataza kwa Mguu Mfupi

Kila asubuhi, kabla hatujampandisha mtoto, Mgongo ulisimama katikati ya ua, ukainua mguu mmoja, ukainua wa pili, kisha ukahesabu siku kwa ile sauti yake ya kistaarabu. Asubuhi hiyo ulisema:

"Kipande cha mguu wa kulia hakimo kwenye Daftari. Siku zilizobaki, tisa."

"Na wewe zako zimebaki ngapi?" Nakijwa aliujibu kutoka jikoni. "Nyamaza huko, kiguru wewe. Mtoto amelala."

Mgongo ndilo jina tulilolipa sisi. Kwenye sanduku ulilokuja nalo kutoka zahanati paliandikwa Kibebeo cha Njiti, na namba ndefu iliyozunguka kona ya sanduku. Una miguu miwili ya chuma chepesi yenye magoti, na juu ya miguu hiyo mgongo wa mpira laini wenye joto la mtu, umeinama kidogo kama mwanamke anayepalilia maharage. Hauna kichwa, hauna mikono. Unamweka mtoto, unamfunga kwa kanga kama unavyomfunga mgongoni kwako, halafu wenyewe unaanza kuzunguka ua. Hapa kwetu Mrindi, juu kabisa ya milima ya Upare, ua ni mdogo, hivyo ulipita kila mara kati ya tangi la kukinga maji ya ukungu na banda la kuku, na kuku walishauzoea.

Mtoto wenyewe ni Mbonea, kitukuu changu. Alizaliwa na miezi saba na siku nne, uzito kilo moja na gramu mia sita, kichwa kinaenea kwenye kiganja. Mganga wa zahanati alisema mtoto njiti abebwe kutwa, asikie mwili wa mtu na mwendo wa mtu, hapo ndipo atalala, na akilala ndipo atanenepa. Sasa nani ambebe? Mama yake, mjukuu wangu Kadeghe, alipasuliwa wakati wa kujifungua na mshono ulikuwa bado mbichi. Mimi mgongo wangu umepinda, mtoto anateleza upande. Nakijwa, mke mwenzangu, ana miaka themanini na miwili, na kifua kinambana. Akizunguka ua mara nne lazima akae. Ndiyo maana zahanati ikatuazima Mgongo.

Lakini ulitembea vizuri mno! Hatua sawa, hatua sawa, hatua sawa, kama saa ya ukutani. Mbonea alilia kutoka chai ya asubuhi hadi ugali wa mchana. Nilimwangalia siku tatu. Siku ya nne nikachukua kisu cha kukatia ngozi na tairi kuukuu, nikaufanyia Mgongo kazi niliyoifanya. Mtoto akalala saa nne mfululizo, mdomo wazi, mate yanashuka kwenye mpira.

Tatizo likawa lile Daftari. Miaka ya nyuma watu waliumizwa na vipuri vya kughushi, ikatungwa sheria kwamba kila kipuri kiandikwe kwenye Daftari la serikali, na sheria ni nzuri, sisemi kitu. Kila mashine hujikagua asubuhi. Ikikuta mwilini mwake kipande ambacho hakijasajiliwa, inakupa siku thelathini. Zikiisha, inakaa chini na haiinuki tena mpaka ukiondoe.

*

Kadeghe aliegemeza kioo chake, kile cha kuongea na watu wa mbali, kwenye kinu tukaanza kujaza ombi. Msichana wa ofisi ya hataza, ile inayoandikisha ubunifu wa watu, aliyeitwa Siwema, alikuwa ametueleza kwa kioo hichohicho, akiwa kwao Dodoma. Alisema hataza kubwa ni ya kitu ambacho dunia haijakiona. Hataza ndogo ni ya kitu kinachojulikana tayari, ila wewe umekirekebisha kikafanya kazi vizuri zaidi. Haikulazimishi uwe msomi. Inataka urekebishaji uwe mpya, uwe na faida, na ueleze kila kitu ili mtu mwingine akisoma aweze kutengeneza kama chako. Kikishapewa hataza, kinaingia kwenye Daftari siku hiyohiyo.

"Bibi, wanataka ubunifu wako kwa sentensi moja," alisema Kadeghe.

"Andika, nimeuchechemesha."

"Hawaandiki hivyo!"

"Sasa mimi niseme nini, mama? Ulikuwa hauchechemei, sasa unachechemea."

Alicheka mpaka akashika mshono wake. Halafu akaandika kwa lugha ya huko, akinisomea polepole: soli ya mpira yenye unene wa milimita kumi na moja chini ya mguu wa kulia, hata mguu wa kushoto ukabaki mfupi, pamoja na mfuko wa makapi ya ulezi, uzito gramu mia mbili na hamsini, ulioshonewa kwenye nyonga ya kushoto, unaochelewesha mguu huo kabla haujagusa chini. Kwa hiyo Mgongo hupiga hatua moja nzito, hunyamaza kidogo, ndipo hupiga hatua nyepesi. Nilimsahihisha kwenye makapi. Lazima yapepetwe mara mbili, vumbi likibaki yanagandamana.

"Kinauliza kwa nini kumi na moja," alisema Kadeghe. "Ulijuaje si kumi wala kumi na mbili? Eleza ulivyopata kipimo."

Nikaanza kukunja upya kanga ya mtoto.

"Bibi?"

"Nilipima."

"Ulipima nini?"

Nikamwambia, kwa sauti ya chini. Nilingoja asubuhi moja Nakijwa amalize kufagia na kunyunyiza maji, akakatiza ua kwenda bandani. Nyayo zikabaki kwenye udongo mbichi. Ule wa kulia umejaa wote, kisigino hadi vidole. Wa kushoto umegusa kwa vidole na ukingo tu. Nikachukua utepe wa cherehani nikapima urefu wa hatua, kina cha kisigino, kila kitu, nikaandika nyuma ya kalenda. Ule unyamavu wa katikati ya hatua sikuupima. Nimeusikia miaka hamsini na mmoja ukipita nyuma ya ukuta wa chumba changu. Watoto wangu sita walilala juu ya mwendo huo, maana Nakijwa hakujaliwa kuzaa, na wangu wote aliwabeba yeye.

"Umenipima?"

Nakijwa alikuwa mlangoni, ungo wa mchele mkononi.

"Dada..."

"Umeniinamia nyuma, umenipima nyayo kama unanichongea jeneza?" Alitazama uani, Mgongo ulikuwa unapita, tuu, kimya, tu. "Na mimi kila siku naucheka. Kumbe najicheka mwenyewe."

Aliweka ungo chini taratibu, hakumwaga hata punje moja, akaingia chumbani kwake.

*

Siku mbili hakuniambia neno. Chakula alipika, tena alinipakulia kwanza kama kawaida, lakini sahani aliiweka mbali na mkono wangu. Na hakukatiza ua. Kwenda bandani alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye utelezi, ili tusimwone anavyotembea. Nilimsikia akishikilia ukuta.

Siku ya tatu Mgongo ulisema zimebaki nne. Nakijwa akatoka.

"Toa hilo pande la tairi," aliniambia. "Na hayo makapi yako. Tuone kama kweli mtoto anajua tofauti, au ni wewe tu na maajabu yako."

Nikatoa. Mgongo ukatembea hatua sawa. Mbonea alivumilia mzunguko mmoja, akaanza kulia, akalia mpaka midomo ikawa ya kijivu. Tukambadilishia kanga, tukampa maziwa, akayatapika. Kesho yake tulipompima kwenye mizani alikuwa amepungua gramu hamsini. Gramu hamsini, kwa mtu mzima ni kitu gani? Ni yai dogo. Lakini kwake yeye ilikuwa kazi ya siku nne.

Kadeghe alikaa kwenye ngazi akalia kimya. Nakijwa alipiga magoti kwa tabu, akairudisha soli mwenyewe, akaikaza kwa kidole gumba.

"Nenda ukaandikishe," alisema. "Lakini mimi usinitaje. Sema umeota. Sema umekaa ukafikiri. Mimi nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nimechekwa hapa. Sitaki mguu wangu ukasomwe na watu wa Dodoma."

"Wananiapisha, dada."

"Si uape. Mimi niliapa mbele ya mume wetu, na mbona bado ninakula ugali?"

Lazima nieleze kiapo hicho.

Nakijwa hakuolewa akiwa anachechemea. Alikuwa na mwendo mzuri kuliko wote. Watu wa Mrindi wanajua kwamba alivunjika akiwa na miaka thelathini na mmoja, alipopanda mpera wa jirani kuiba mapera, mwanamke mzima. Watoto walimtungia wimbo. Mume wetu alimsimanga mpaka anaingia kaburini. Naye hakukanusha hata mara moja, kwa sababu hadithi ya mapera aliitunga mwenyewe, siku ileile, akiwa amelazwa, ili kunikinga mimi.

Ilikuwa hivi. Mwanangu wa kwanza, Sekiondo, aliamka na joto. Nakijwa akaniambia, huyu mtoto si mzima. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina kanga mpya, na harusi ilikuwa bondeni. Nikasema ni meno tu. Nikaenda. Nikacheza ngoma, nikala pilau. Mchana mtoto akakakamaa, Nakijwa akamfunga mgongoni, akakata njia ya mkato juu ya jabali ili awahi zahanati. Jabali lilikuwa na ukungu. Alipoteleza angeweza kuanguka chali, angeumia kidogo, ila mtoto alikuwa nyuma. Akajigeuza, akaanguka kifudifudi, nyonga ikavunjika kwenye jiwe. Akamfikisha mtoto. Sijui alifikaje, hajawahi kuniambia.

Mume wetu angejua nilimwacha mtoto mgonjwa nikaenda kucheza, angenirudisha kwetu siku hiyohiyo. Kwa hiyo ikawa mapera.

*

Siku ya kusikilizwa ombi ilikuwa imebaki siku moja kwenye hesabu ya Mgongo. Tuliweka kioo kwenye kinu, tukatandika mkeka. Nakijwa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, akichagua mchele ambao ulikuwa umeshachaguliwa. Mbonea alikuwa juu ya Mgongo.

"Shikamoo bibi," alisema Siwema. Alikuwa msichana wa uso mdogo, nyuma yake rafu imejaa vipande vya mashine vyenye vibandiko.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula bibi, asante. Nimeisoma kazi yako, nimeipenda. Tumetafuta kwenye madaftari yote, hatujaona kibebeo kinachochechemea. Watu wote wanahangaika kunyoosha mwendo." Alitabasamu. "Limebaki swali moja kabla ya kiapo. Kipimo cha milimita kumi na moja na ule ucheleweshaji, ni vya kubuni, au vimetoka kwenye mwili wa mtu?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Zamani mashine zilichukua sauti za watu, sura zao, mwendo wao, bila kuwauliza. Sasa ukitumia cha mwili wa mtu lazima atajwe, na aridhie mwenyewe. Asiporidhia, ombi linaanguka. Kama ni vya kubuni tu, unasema hivyo, unaapa, tunamaliza sasa hivi. Mashine yako itaamka kesho bila shida."

Nakijwa hakuinua kichwa, ila vidole vyake vilisimama juu ya mchele. Kadeghe alinitazama. Alikuwa anajua alichotaka nijibu, na mimi nilijua. Neno moja tu, na mtoto anaendelea kulala. Tena mwenye mguu mwenyewe ndiye aliyenituma nidanganye.

Mgongo ulipita mbele yangu. Niliona kisigino cha Mbonea kimetokeza kwenye kanga, kidogo kama punje ya harage. Nikafikiri, huyu akikua ataambiwa bibi yake alikuwa fundi. Ataambiwa na yule bibi mwingine aliiba mapera.

"Ni vya mtu," nilisema.

"Nambua!" Nakijwa aliniita kutoka mlango wa jiko.

"Ni vya mke mwenzangu, Nakijwa, yule pale. Nilimpima bila kumwambia, na hilo ni kosa langu la pili kwake. La kwanza nitakueleza sasa."

"Nambua, funga mdomo wako."

"Nimeufunga miaka hamsini na mmoja, dada. Umeota kutu."

Nikasimulia yote. Harusi, kanga, pilau, jabali. Nilisimulia kwa sauti ya kutosha, maana jirani alikuwa anafua upande wa pili wa ua, na nikasikia maji yamenyamaza kwenye beseni. Siwema naye hakuandika kitu. Nilipofika kwenye mapera ilibidi nianze tena.

Kadeghe alikuwa amesimama. "Bibi, huyo mtoto wa mgongoni ni baba?"

"Ni baba yako."

Alimtazama Nakijwa kama ndiyo kwanza anamwona.

Siwema akakohoa kidogo. "Pole, bibi. Lakini mjue, sasa nimeshasikia. Siwezi kuandika kwamba ni vya kubuni. Bibi mkubwa asiporidhia, naliweka ombi pembeni, na kesho mashine itakaa chini."

Nilitazama mikono yangu. Nikawaza kwamba nimemwokoa mzee nikamponza mtoto, na sikujua kama nimefanya vizuri. Mpaka sasa siku nyingine sijui.

Nakijwa aliweka ungo chini, akasimama kwa kushika kizingiti.

"Wewe binti. Hapo kwenye karatasi umeandikaje? Mguu wangu umeuitaje?"

Siwema alitazama karatasi yake. "Imeandikwa, mwendo wenye kasoro."

"Kasoro iko wapi?"

"Ni neno la kitaalamu tu, bibi."

"Hata mimi mtaalamu. Nimeutembea kuliko wewe ulivyoishi. Mtoto amelala au hajalala?"

"Amelala, bibi."

"Basi futa."

Siwema akafuta. Tulimwona akifuta. "Niandike nini badala yake?"

"Andika mwendo. Inatosha." Kisha akanigeukia. "Na wewe. Yule anayefua amesikia?"

"Amesikia."

"Yote? Na ya mapera?"

"Na ya mapera, dada."

"Kesho utakwenda kisimani umsimulie tena na mkewe mwenyekiti. Yule ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo."

"Nitakwenda."

Siwema alisema sheria inataka mwenye mwili atembee hatua kumi na mbili mbele ya kioo, na kifaa kitembee vilevile, zilinganishwe, kisha aridhie kwa dole gumba kwenye kioo. Nakijwa alikaza kanga kiunoni. Akasema hawezi kutembea mbele za watu mikono mitupu, apewe mtoto. Nikamfungua Mbonea kutoka kwenye Mgongo, nikamfunga mgongoni kwake, fundo juu ya ziwa, nikamsawazishia miguu. Mtoto hakufumbua hata jicho.

Akakatiza ua. Hakushika ukuta, hakuharakisha. Tuu, kimya, tu. Alifika kwenye tangi akageuka, anahema kidogo. "Haya, na lenyewe lije."

Kadeghe aliugusa Mgongo ukaanza kuja, mtupu, mpira wake umeinama mbele, ukipita pale alipopita. Siwema alikuwa anasoma namba kwa furaha, zinakaribiana, zinakaribiana sana, lakini Nakijwa hakumsikia. Alikuwa anautazama. Alikuwa ameshauona ukipita mara elfu, akaupigia kelele, akautukana, lakini siku hiyo aliutazama kuanzia kisigino, naye akiyumba taratibu kwa ajili ya mtoto.

"Ndivyo ninavyotembea?" aliuliza.

"Ndivyo, dada."

Ulimfikia, ukageuka kwenye tangi, ukaondoka tena kuelekea bandani. Kuku walisogea kuupisha.

"Kumbe," alisema, "natembea kama mtu asiye na haraka."

Akaja mpaka kwenye kinu, akainama kwenye kioo na mtoto mgongoni, akainua kidole gumba kikiwa bado na unga wa mchele.

"Binti," alisema, "naweka wapi?"